Cherehani ya Marehemu

Rafiki yangu ni fundi wa antena, na si mtu wa kutishwa na upuuzi. Bwana mmoja aliyefiwa na mkewe alimwita mchana mmoja: picha ya runinga inaganda, inakatika vipande vipande, kisha inatulia yenyewe.

"Waya ni mzima," fundi alimwambia. "Hii ni mota inayosumbua mawimbi. Mna cherehani ya umeme humu?"

"Ipo ya marehemu, chumbani kwake. Nimekifunga tangu azikwe."

"Kama ulivyomfungia yeye alipougua," dada wa marehemu akadakia kutoka jikoni. "Akigonga mlango, wewe unaongeza sauti ya runinga."

Bwana akacheka. "Shemeji, Jumamosi naoa. Niache nipumue."

Fundi akazima swichi kuu, ajue kama usumbufu unatoka ndani. Sebule yenye mapazia mazito ikawa giza. Friji ikanyamaza. Lakini kipimo chake cha mawimbi, kinachotumia betri, kiliendelea kurukaruka, na nyuma ya ule mlango uliofungwa kulisikika: trrrr... kimya... trrrr.

Bwana akatoa ufunguo, akafungua. Fundi akamulika tochi. Plagi ya cherehani ilikuwa sakafuni, imejaa vumbi. Chini ya sindano palikuwa na shati jeupe la harusi, lile ambalo bwana alikuwa amelitundika kabatini kwake. Shingo ilikuwa imeshonwa ikafungwa pande zote, ikabaki nafasi ya kupita kidole kimoja.