Herufi Mbili Kwenye Mtungi

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, zimamoto wa mji mdogo wa Pine Fork walipika pankeki kuchangia kituo chao, na Marlee Stidham hakukosa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kisukari tangu akiwa na sita. Alijipima damu, akajidunga insulini, ndipo akachukua sahani. Mama yake, Roxanne, alimwekea pankeki mbili bila shira.

"Mbili tu? Paka wetu anakushinda," alisema Colby Pruitt, wa darasa lake.

"Na wewe paka wenu anakushinda hesabu."

Baba yake Colby, Bwana Pruitt, alikuwa fundi magari na zimamoto wa kujitolea. King'ora kikilia, aliacha spana chini akakimbia. Asubuhi hiyo aliwaruhusu watoto kujaribu kuvaa mtungi wake wa hewa, ule anaoubeba mgongoni ili aweze kupumua ndani ya moshi. Marlee aliugeuza, akaona lebo mpya yenye tarehe na herufi R.S.

"Mama! Huu umeupima wewe!" alipaza sauti kwa fahari.

"Basi nipo salama," Bwana Pruitt alicheka. "Asante, Roxanne."

Mama hakucheka. Aliweka chini kikombe cha kahawa, akazifunga pankeki za Marlee kwenye karatasi ale garini, akamshika mkono, wakaondoka.

Garini, Marlee aliuliza amekosa nini.

"Hujakosa. Ule mtungi sijaupima."

Kazi ya Mama ilikuwa kujaza kila mtungi maji na kuusukuma kwa nguvu nyingi, aone kama umechoka. Mtungi uliochoka unaweza kupasuka mgongoni mwa mtu. Lakini miezi miwili iliyopita, bosi wake, Gentry, alileta lundo la mitungi na kusema hakuna muda. "Bandika lebo tu, Roxanne. Serikali inataka kuona lebo, haiji kuchungulia ndani." Mama alibandika. Wiki iliyofuata alibandika tena.

"Kwa nini hukukataa?"

"Kwa sababu bima yetu ya matibabu inatoka kwenye kazi hiyo. Nikifukuzwa, insulini yako nitaipata wapi? Na sahihi ni yangu, si ya Gentry. Nikisema, najishtaki mwenyewe. Nikinyamaza, unajua mtungi unaweza kufanya nini."

Marlee aliutazama mkoba wake wa sindano. Akatamani asingeugeuza ule mtungi.

Jumanne Mama aliomba ruhusa kazini, wakaendesha gari dakika arobaini hadi kwa wakili, Bi Lucille Menard, mwanamke mnene aliyevaa raba ofisini.

"Binti atusubiri nje," alisema. "Utakayoniambia ni siri yangu na yako. Akisikia mtu wa tatu, hata awe mwanao, yanaweza kutuletea shida."

Marlee alikaa nje saa nzima. Mlango ulipofunguliwa, Mama alikuwa na macho mekundu.

"Usibebe karatasi yoyote ya kampuni," wakili alikuwa akisema. "Andika ulichokiona na ulichokifanya, hasa ulichokifanya. Ukikificha wewe, watakitoa wao. Dai lako, kwamba kampuni inalipwa na serikali kwa vipimo visivyofanyika, likifika mahakamani litafungwa kwa siri wakati serikali inachunguza, labda miaka. Humwambii mtu. Sheria inakataza kukufukuza kwa sababu ya kudai, lakini sikudanganyi, wapo waliofukuzwa wakaanza kupigania haki yao baadaye."

"Na nisipodai?"

"Utakwenda nyumbani. Mitungi nayo itabaki ilipo."

"Nitafikiri," alisema Mama.

Walikuwa wamekaribia mji.

"Mama, usidai," Marlee alisema ghafla. "Nitakula kidogo. Nitatumia insulini kidogo."

"Thubutu! Insulini haipunguzwi kama sukari ya chai. Utakufa. Na hilo la bima ni langu mimi, usijitwishe."

King'ora kikalia. Mama alisogeza gari pembeni na kusimama, kama magari mengine yote. Gari la Bwana Pruitt likawapita kwa kasi, taa nyekundu ikizunguka juu yake. Magari mengine yakaendelea na safari. Mama hakuondoka. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, macho yakiifuata ile taa nyekundu. Walikaa hapo dakika ishirini, madirisha yamefungwa, Marlee akihisi hewa imekwisha ndani.

Hatimaye gari la Bwana Pruitt likarudi, polepole. Aliteremsha kioo. "Mmeharibikiwa?"

"Hapana. Kulikuwa na nini?"

"Bibi mmoja kasahau maharage jikoni. Sufuria imekuwa mkaa!"

Alipoondoka, Mama alitoa simu.

"Bi Menard? Ni Roxanne Stidham. Andaa dai. Lakini mitungi ya Pine Fork haiwezi kungoja miaka." Akasikiliza. "Sawa. Nitaandika yote, nikianza na yale niliyoyafanya mimi."

Siku tisa baadaye wakaguzi wa serikali walichukua mitungi ya kituo na kuleta mingine ya kuazima. Kati ya kumi na minane, mitano ilishindwa kipimo. Wa Bwana Pruitt ulikuwa mmojawapo.

"Baba anauliza nani kawaambia," Colby alisema wakati wa chakula cha mchana. "Wewe unajua?"

Uongo ulikuwa umeshafika ulimini mwa Marlee. Akaumeza.

"Nafurahi wameuchukua," alisema. "Maliza viazi vyako."

Jioni alimweleza Mama. "Sikumdanganya, lakini nilinyamaza. Najisikia vibaya."

Mama alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Bado alifanya kazi kwa Gentry, na Gentry alikuwa ameanza kumtazama kila mmoja kwa jicho kali.

"Ukinyamaza, jiulize unamlinda nani," alisema. "Mimi nilinyamaza miezi miwili nikijilinda mwenyewe, nikajidai nakulinda wewe. Leo tunanyamaza ili wachunguzi wafanye kazi yao. Ukweli tumeshaupeleka unakotakiwa kwenda. Hata ukipata hofu, mwanangu, usiweke jina lako kwenye kitu ambacho hukukifanya."

"Na wakikufukuza?"

"Bi Menard ana namba yangu, nami nina yake. Lete mkono nione sukari yako."

Marlee alimpa kidole.