Gari Lililonyamaza

Kila asubuhi, mjukuu wangu alikuwa akinywa chai huku akiyataja magari yaliyopita barabarani bila kuyatazama. Hilo ni lori la mchanga. Hiyo ni teksi ya mzee wa kofia, beringi ya nyuma imekwisha. Mara nyingi hakukosea. Ndiyo maana nyumbani tulimwita Sikio, na alipofika miaka kumi na mitatu hata majirani walikuwa wamesahau jina lake jingine.

Kipaji hicho alikirithi kwa baba yake, mwanangu wa kwanza, ambaye ni fundi wa magari. Gereji yake iko uani, mbele ya dirisha la chumba changu. Mwanangu ana kipande cha mpini wa ufagio. Likija gari bovu, huweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, na hapo ua mzima hunyamaza, hata mteja aliyekuja akilalamika kuwa ana haraka. Akimaliza kusikiliza hutaja ugonjwa. Hupenda kusema kwamba injini haisemi uongo. Sikio, binti yake, akijifanya anajua kumzidi, humkumbusha kuwa sikio halipiti kichwa, na wote wawili hucheka.

Lakini mwaka ule ua ulianza kuwa mtupu. Wenye teksi wengi walikuwa wamenunua magari ya haibridi, yaani yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na waliyapeleka kwa mafundi wengine. Mwanangu hakuyataka. Alisema gari lisilo na sauti ni kama mgonjwa asiyesema panapomuuma, sasa utamtibu nini?

Aliyebishana naye ni mdogo wake, binti yangu, fundi wa umeme wa magari. Alimweleza kaka yake kwamba petroli haitatoweka kesho wala keshokutwa, ila magari yanabadilika. Betri za siku hizi zinadumu kuliko za zamani, na zitazidi kuboreshwa. Magari madogo ya mjini ndiyo yatakayotangulia kutumia umeme mtupu. Malori ya safari ndefu yatachelewa, kwa sababu mzigo ni mzito na mahali pa kuchajia bado ni pachache. Haibridi ni daraja la kuvukia, kwa mtu anayeogopa kuishiwa umeme njiani.

Mwanangu akauliza, je, umeme ukikatika mtaa mzima, watu watasukumana kwenda kazini? Tukacheka. Nami nikawaambia habari ya pasi. Pasi ya umeme ilipoingia, mama mkwe wangu alisema waya zile zitatuchomea nguo. Mimi nikainunua, lakini ile ya mkaa nikaiweka chini ya kitanda, kwa siku ambazo umeme haupo. Nilinyoosha nguo kwa zote mbili kwa miaka mingi. Siku hizi ile ya mkaa inazuia mlango usijifunge.

"Kwa hiyo mama, mimi ndiye pasi ya mkaa?" mwanangu akauliza.

"Wewe ndiye mpiga pasi," nikamjibu.

Kisha mwanangu akakubali mdogo wake aje Jumamosi kumfundisha, maana muuguzi wa zahanati alikuwa ameomba kuleta haibridi yake. Aliondoka akinung'unika kwamba mtoto aliyembeba mgongoni leo amekuwa mwalimu wake.

Jumamosi asubuhi muuguzi alilileta gari, akaeleza kuwa taa ya betri kubwa huwaka kila akipanda mlima. Alilizima, akaacha ufunguo, akaenda zake kulala kwa kuwa alikuwa ametoka zamu. Mwanangu akatoa amri kwamba gari lisiguswe mpaka shangazi mtu afike. Halafu akaenda dukani kununua oili.

Mimi nilikuwa jikoni. Aliyoyafanya Sikio, alituambia mwenyewe baadaye. Alitaka kulisikia. Aliwaza jinsi shangazi yake atakavyofika, naye awe tayari ameshataja ugonjwa. Akaingia na ule ufunguo, akakanyaga breki na kubonyeza kitufe kama alivyowaona madereva wakifanya. Taa ndogo ziliwaka mbele yake, lakini injini haikuunguruma. Akatega sikio. Kimya. Akadhani limekataa kuwaka. Mara akasikia geti likifunguliwa, akatoka mbio, ufunguo ukabaki kwenye kiti.

Baba yake aliweka oili chini, akalizunguka gari. Mdogo wake alikuwa amechelewa, na subira si tabia ya mwanangu. Akafungua boneti, kuangalia tu. Akaweka mpini wake, akasikiliza. Kimya. Basi akaingiza mkono na kitambaa ili afute vumbi karibu na mkanda wa injini.

Injini ikaunguruma. Mkanda ulinyakua kitambaa, na mwanangu akauvuta mkono nje, vidole viwili vimechunika ngozi. Kama asingekuwa mwepesi, leo ningesimulia mengine.

Binti yangu alipofika alimkuta kaka yake amekaa kwenye tairi, amefunga mkono kwa leso yangu. Mwanangu alikuwa ameshakata shauri. Muuguzi aitwe achukue gari lake. Gari linalojiwasha lenyewe bila mtu ndani lina wazimu, na gereji yake haitapokea tena gari la aina hiyo, awe amelileta nani. Binti yangu alisema gari lililozimwa haliwezi kujiwasha hivihivi. Je, kuna mtu aliyeliwasha? Kaka yake akasema hakuna. Muuguzi alilizima mbele yake.

Basi binti yangu akaanza kurudisha vifaa vyake kwenye mkoba. Mimi nilitazama ule ua mtupu, nikajua kwamba akitoka getini, wateja wa kesho wametoka naye. Sikio alikuwa amesimama na beseni la maji ya chumvi ya kuoshea vile vidole. Alinitazama. Sikumsaidia, kwa sababu sikujua la kumsaidia.

"Baba," akasema, "gari halina wazimu. Nililiwasha mimi."

Baba yake hakupandisha sauti. Alimuuliza alisikia nini.

"Sikusikia kitu. Nikadhani halijawaka."

Mwanangu akauangalia mpini wake wa ufagio. "Hata mimi," akasema.

Hapo shangazi mtu akauweka mkoba chini. Akawaeleza kwamba haibridi ikiwashwa huweza kukaa kimya kwa nguvu ya betri, na umeme wa betri ukipungua, injini ya petroli huamka yenyewe ili iijaze. Halikuwa kosa la gari. Ukimya wake haukumaanisha kuwa limezimwa. Ndiyo sababu mtu hufungua boneti baada ya kuangalia taa zote zimezimika, na ufunguo ukiwa mbali na gari. Akawaonya pia juu ya nyaya nene za rangi ya chungwa, kwamba asiyefundishwa asiziguse kabisa.

Wakaanza kazi. Binti yangu alimwambia Sikio ainame nyuma ya kiti cha abiria na kusikiliza feni inayopoza betri. Sikio akasema inakoroma kama mtu mwenye mafua. Walipofungua walikuta tundu la hewa limezibwa na vumbi na nyuzi za kiti, ndiyo maana betri ilipata joto kali mlimani. Likasafishwa. Jioni muuguzi alipanda nalo mlima ulio nyuma ya shule, na taa haikuwaka.

Adhabu Sikio hakuikosa. Aliosha spana zote, moja moja. Alipomaliza, baba yake alimwita akae karibu naye.

"Leo tumekosea wawili," akamwambia. "Nilisema lisiguswe, halafu nikaligusa mimi mwenyewe. Lakini ungenyamaza, ningefukuza kazi ya miaka yote inayokuja kwa sababu ya jambo ambalo halikuwepo. Nitajifunza magari haya, na wewe utajifunza. Ila ufundi wowote, wa petroli au wa umeme, unaanza na kusema kweli ulichogusa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Sasa likiingia gari uani, mwanangu huuvaa ufunguo shingoni kwa kamba kabla ya kugusa boneti, na wateja humtania kwamba amepewa medali. Haibridi zinakuja, na juzi limekuja la umeme mtupu, kwa ajili ya breki. Naye Sikio bado anataja magari asubuhi. Ila siku hizi, kukiwa kimya barabarani, huweka kikombe chini, akaenda dirishani kutazama kwanza.