Siku Zulaika Aliporudi Koboko

Asubuhi Paska alipoamka kwenda kisimani, alikuta mitungi imekwisha jaa. Alipochukua ufagio, uwanja ulikuwa umefagiwa. Zamani kazi hizo alizifanya peke yake huku akinung'unika. Sasa zilifanywa kabla hajaamka, na bado alinung'unika.

"Zulaika amekwisha teka maji," alisema mama yake, Alice, akivua viatu mlangoni. Alikuwa mkunga, na ndiyo kwanza amerudi nyumbani kwao Mvara, mtaa wa Arua, kutoka zamu ya usiku hospitalini. "Wewe mshike Sunday mpaka uji uive."

Paska alimpokea mdogo wake. Mtoto huyo alizaliwa wakati shule zote zimefungwa kwa ajili ya korona, na sasa alikuwa anajifunza kusimama. Mara tu alipofika mikononi mwa dada yake, alianza kulia na kujinyoosha kuelekea jikoni.

"Anamtaka Zulaika," mama alisema akicheka. "Mpe."

Zulaika akaja, akafunga kitenge, akamweka mtoto mgongoni. Kilio kikakoma. Paska aligeuza uso.

Zulaika alikuwa mtoto wa Kadijah, mdogo wake Alice, aliyeolewa Koboko, wilaya iliyo kaskazini mwa Arua. Kadijah alifariki katika wimbi la pili la ugonjwa. Baba yake Zulaika alikuwa askari na kikosi chake kilikuwa mbali. Barabara zilipofunguliwa, Alice alimleta mtoto huyo Arua. Paska alimpokea vizuri, akamgawia nusu ya kitanda. Hakujua kwamba angegawana naye kila kitu.

Jumamosi ndiyo iliyomuuma zaidi. Tangu Paska akiwa mdogo, mama alimsuka nywele kila Jumamosi jioni. Hiyo ilikuwa saa yao. Walizungumza mambo ambayo hata baba hakuyasikia. Jumamosi hiyo mama alianza na Zulaika. Alimsuka polepole, huku akimshika kichwa kama mtu anayeshika yai. Paska alikaa kando akiwa na kitana mkononi. Zamu yake ilipofika, mama alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi kwa uchovu.

"Amka, Mama," Paska alinong'ona. Mama hakuamka. Zulaika akasema, "Njoo, nikusuke mimi."

"Sitaki mkono wako!" Paska alijibu.

Jumatatu walikwenda shule pamoja. Shule zilikuwa zimefunguliwa tena mwezi huo huo, na darasa halikuwa lile la zamani. Prossy, aliyekaa dawati moja na Paska, alikuwa nyumbani kijijini Manibe akimnyonyesha mtoto wake. Mvulana mmoja alikuwa akiendesha pikipiki ya boda. Wengine walikuja wakiwa wamepoteza bibi au baba. Mwalimu Afedra aliwaambia wasogee mbele wajaze nafasi, kisha akamwita Zulaika asome. Zulaika alisoma bila kukwama.

"Vizuri sana," mwalimu alisema. "Paska, mbona hukutuambia kwamba una ndugu hodari hivi?"

Darasa likapiga makofi. Paska alihisi joto likimpanda kifuani. Kengele ya mapumziko ilipolia, alimvuta Zulaika nyuma ya choo.

"Kuna jambo nataka kukuambia, lakini usimwambie mtu," alisema. "Nilimsikia mama akizungumza na baba. Alisema tumekuwa wengi, amechoka. Anatafuta namna ya kukuambia urudi kwenu."

Zulaika alimtazama. "Mama mkubwa alisema hivyo?"

"Kwa masikio yangu."

Zulaika hakulia wala hakubisha. Aliinamisha kichwa, akasema, "Asante kwa kuniambia," kisha akaondoka. Paska alitarajia kufurahi. Furaha haikuja.

Baada ya mapumziko, nafasi ya Zulaika ilikuwa tupu. Mwalimu Afedra akamtuma Paska nyumbani kuangalia. Mama alikuwa amelala, Sunday ubavuni mwake.

"Mama, Zulaika amekuja hapa?"

Mama aliketi mara moja. "Hayuko shuleni?"

"Hayuko. Sijui amekwenda wapi."

Mama aliuliza kwa majirani, akauliza kwa waendesha boda wa njia panda. Mmoja wao alisema, "Yule msichana wa shule? Nimemwona katika lori, limeenda barabara ya Koboko." Mama akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mtoto wa kike peke yake na watu asiowajua! Nimemkosea nini? Kadijah, nitakujibu nini mimi?"

Paska alikuwa hajawahi kumwona mama yake katika hali ile. Alitaka kukimbia, lakini alimsogelea.

"Hukumkosea wewe, Mama," alisema. "Ni mimi. Nilimwambia kwamba umemchoka na unataka arudi kwao. Nilisema uongo."

Alikunja mabega akingoja kofi. Mama akamfunga Sunday mgongoni.

"Twende," alisema. "Utamwambia mwenyewe."

Walipanda gari la abiria la kwenda Koboko. Kila lori lililopita, mama aliinua shingo kutazama waliokaa juu yake. Paska aliketi karibu naye, akiomba kimya kimya kwamba Zulaika awe mzima.

Walipofika kwenye nyumba ya Kadijah, jirani yake, mama mzee aitwaye Rosina, alikuja kuwapokea akikimbia. Alizungumza Kiswahili cha huko kwao.

"Mutoto iko! Iko nyuma ya nyumba. Taban imemleta na lori yake, ile rafiki ya baba yake. Mimi nampa muhogo, anakataa kula."

Mama aliketi chini palepale, akamshukuru Mungu. Kisha akainuka, wakazunguka nyumba. Mlango ulikuwa na kufuli, na nyasi zilikuwa zimefika madirishani. Nyuma kulikuwa na makaburi mawili mapya: la Kadijah na la mama mkwe wake, waliofuatana mwezi mmoja. Zulaika alikuwa amepiga magoti, anang'oa magugu kwa mikono.

Mama alisimama. Kadijah alipofariki, safari za kutoka wilaya moja hadi nyingine zilikuwa zimekatazwa, na alizikwa na watu wachache waliovaa barakoa. Hata alipokuja kumchukua Zulaika, Alice hakuwa na nguvu za kufika nyuma ya nyumba. Sasa aliliona kaburi la mdogo wake kwa mara ya kwanza. Alilia kwa sauti, kama mtoto. Zulaika akaja akamshika mkono, na Paska akaelewa kwa nini mama alimshika kichwa Zulaika polepole namna ile. Zulaika alikuwa na paji la uso la Kadijah.

"Zulaika," Paska alisema, "mama hakusema lile neno. Nililitunga mimi. Nilikuonea wivu. Sunday anakupenda, mwalimu anakusifu, mama anakusuka wewe kwanza. Nisamehe."

Zulaika alifuta udongo mikononi.

"Wewe ulinionea wivu mimi?" aliuliza, kana kwamba hakusikia vizuri. "Mimi ndiye niliyekuonea wivu wewe. Kila ukisema 'Mama', mtu anaitika. Mimi nikilisema hilo neno, nani ataitika? Ndiyo maana niliamka mapema kuteka maji. Niliogopa kwamba nikiwa mzigo, nitarudishwa."

 Paska akamkumbatia, na Zulaika hakumsukuma.

Mama aliwaketisha wote wawili, mmoja kila upande.

"Sikilizeni," alisema. "Ugonjwa ule hakuna nyumba uliyoiacha kama ilivyokuwa. Wodini kwetu nimepokea watoto wengi, wengine wa wasichana wa umri wenu ambao wangekuwa darasani. Hapa nimekuta makaburi. Kwingine watu wamezaliwa, kwingine wamezikwa, na watoto wamehama nyumba. Nyumba yetu sasa ndiyo hii, sisi sote. Zulaika, wewe si mgeni wa kulipia kitanda kwa maji. Na nikikosea kugawa, Paska, niambie. Nachoka, nami ni mtu."

"Niliogopa utaniona mbaya, Mama."

"Wivu ni kama homa, mwanangu. Mtu hapati homa kwa kupenda, wala si aibu kuugua. Lakini anayejua kwamba anaumwa, akanyamaza, humwambukiza mwenzake. Uongo wako ungeweza kumpoteza mtoto njiani. Siku nyingine ukihisi moyo unawaka, njoo useme mapema, tukutibu."

"Nitasema, Mama," Paska alijibu.

Mama Rosina aliwaletea muhogo wa moto. Safari hii Zulaika alikula. Walipomaliza, wasichana wawili walipiga magoti kaburini, wakaendelea kung'oa magugu mpaka yakaisha.