Kauli ya Makaburini

Mgombea alipofungua kinywa jukwaani, Kipembuzi kilikuwa kimeshamsikia kabla sauti haijawafikia watu wa safu ya nyuma. Mashine hiyo ilikuwa na masikio katika kila chombo cha habari cha jiji la Tabora, na kazi yake ilikuwa moja: kusikiliza nani anamuunga mkono nani, kutenganisha mchele na pumba, kisha kuandika mchele peke yake katika Hazina, ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo watu waliiamini kuliko walivyowaamini majirani zao. Bila Kipembuzi, kurasa za wagombea zingejaa shangazi, wajomba na wauza vitunguu.

Kila kauli ilipimwa kwa vigezo vitatu. Msemaji awe mtu mashuhuri, mwenye ukurasa wake humo humo. Awe ametamka mwenyewe kwa maneno ya wazi, maana kupiga makofi au kupiga picha na mgombea si kumuunga mkono. Na chombo cha habari kisicho na upande kiwe kimeripoti. Kauli ikipita hapo, inapanda ukurasani, na papo hapo wasemaji wa nyumba, vile vidude vya ukutani vinavyomjibu mwenye nyumba kila anachouliza, wanaanza kuitangaza sebuleni.

Nyamizi Kapaya alikuwa mhariri wa zamu. Kwa mujibu wa kanuni za Hazina, yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya mashine. Kwa mujibu wa mazoea ya ofisi, kauli hiyo haikuwahi kutumiwa na mtu yeyote. Asubuhi hiyo alifungua ukurasa wa Maganga Luhende, mgombea umeya ambaye Nyamizi mwenyewe alikusudia kumpigia kura, akakuta jina jipya katika orodha ya wanaomuunga mkono: Mhandisi Zamda Mkwizu.

Alishtuka. Bibi Zamda ndiye aliyebuni kivuna-unyevu, mtambo mdogo unaokamua maji kutoka hewani hata wakati wa kiangazi. Nusu ya jiji ilikunywa kwa akili za bibi huyo, na hakuwahi kutaja chama chochote mdomoni mwake. Nyamizi akafungua video iliyoambatanishwa.

Ilikuwa makaburini. Maganga alikuwa akimzika kaka yake, na jeneza lilikuwa limekwama njiani kwa sababu Bibi Zamda, Mzigua wa Handeni, alikuwa amelala chali katikati ya njia na miwani yake usoni.

"Hapiti mtu!" alifoka. Kisha akainuka, akajikung'uta vumbi, akamshika Maganga mkono na kuuinua juu. "Sikilizeni nyote! Mimi Zamda Mkwizu nasema: kuanzia leo huyu ndiye meya wangu. Nani mwingine atabeba mizigo ya jiji zima kichwani bila hata kuuliza inakwenda wapi?"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Maganga mwenyewe, machozi yakimtiririka, akacheka.

Nyamizi naye akacheka, peke yake ofisini, mpaka chai ikampalia. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akifika msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Kumwita Mnyamwezi kama Maganga mpagazi ndiyo salamu yenyewe. Kisha kicheko kikamkatika ghafla, kwa sababu alikumbuka kwamba Kipembuzi hakina watani. Kilikuwa kimesikia jina kamili, maneno ya wazi na taarifa ya gazeti, kikaridhika. Sasa kila nyumba ilikuwa inaambiwa kwamba mama wa vivuna-unyevu amemchagua Maganga, na kura za maoni zilikuwa zimempandisha juu ya mpinzani wake.

Angeweza kufunga ukurasa na kumalizia chai. Mama yake, Kalunde, aliishi Mtaa wa Reli, ambako hapakuwa na kivuna-unyevu hata kimoja na wanawake walipanga foleni na ndoo kwenye kioski cha maji tangu alfajiri. Kati ya wagombea wote, ni Maganga pekee aliyeahidi kuupelekea mtaa huo mitambo. Moyo ulimwambia: funga. Nyamizi akachukua mkoba wake na kwenda kwa Bibi Zamda.

Alimkuta karakanani, amezungukwa na vivuna-unyevu vilivyobondwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnyamwezi, umekuja kwa miguu yako au kuna mzigo umekutuma?"

Nyamizi akatabasamu, lakini bibi hakuwa akitabasamu. Aligonga mtambo mmoja kwa kidole.

"Hivi vilikuwa shuleni, upande ule wa wafuasi wa mpinzani. Wamekuja kinababa na nyundo, wakasema watoto wao hawanywi maji ya chama. Sasa watoto wanachota bwawani, na wawili wamelazwa kwa kuhara. Unajua nilikuwa najiuliza nini? Chama gani?"

Nyamizi akaeleza kisa chote, na aibu ikamshika kana kwamba yeye ndiye aliyeshika nyundo. "Mama, toa tamko tu. Sema ulikuwa unatania. Gazeti moja likiandika, mashine itafuta yenyewe."

"Nitoe tamko?" Bibi Zamda akavua miwani. "Tangu lini utani ukaombewa radhi? Yule marehemu alinizuia mimi nilipomzika mume wangu, akanitukana mpaka nikasahau kulia. Deni la ucheshi nililipa pale kaburini, leo nikalikane gazetini? Nikifanya hivyo, kesho kila mtani atakwenda msibani na wakili. Tena hiyo mashine yenu itaandika kwamba nimemkana Maganga, na huyo mwingine ataruka kwa furaha. Mimi sina mgombea, mwanangu. Maji hayana mgombea."

"Naweza kuyanukuu maneno hayo?"

"Ukiyanukuu nakufukuza."

Basi ikabaki kauli ya mwisho. Kwa kuwa ingegusa kanuni yenyewe, Nyamizi aliipeleka kwanza mbele ya mwenyekiti wa wahariri, Daktari Chediel Mrutu, mtu mpole aliyeitunga ile kanuni ya vigezo vitatu na kuipenda kama mwanawe.

"Vigezo vimetimia," alisema Daktari. "Ukifungua mlango wa utani, kesho kila mwanasiasa aliyeropoka atadai alikuwa anatania. Tutamkatalia vipi?"

"Hatutapima nia ya moyoni, Daktari. Tutapima mahali na uhusiano. Msiba, Mzigua, Mnyamwezi: vyote vinaonekana kwenye video, hakuna haja ya kuingia moyoni mwa mtu. Na kanuni ikate pande zote. Mtani akimtukana mgombea kaburini, nalo lisihesabiwe."

Daktari hakuwa mjinga, na hoja ilikuwa imemwingia; kilichomtisha ni siku chache zilizobaki kabla ya kura.

"Wewe utampigia nani?"

"Maganga."

"Unajua ataporomoka."

"Najua. Mama yangu anakaa Mtaa wa Reli."

Daktari akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Kigezo chako nakikubali," alisema hatimaye. "Lakini uamuzi utoke kwa jina lako. Watu watataka wa kumlaumu, na sitaki iwe Hazina."

Nyamizi aliuma meno. Alitumaini kwamba mzee huyu angeweka jina lake kando ya lake, na iliuma kulikosa hilo. Hata hivyo alikaa mbele ya Kipembuzi, akakifundisha kigezo cha nne neno kwa neno, akakiambia mtani ni nani na msiba ni mahali gani, akaandika jina lake chini na kubonyeza. Jiji zima, ukutani, vidude vikasema kwa sauti ile ile ya upole: "Samahani, mwenye nyumba. Taarifa niliyokupa kuhusu Mhandisi Zamda Mkwizu imeondolewa na mhariri Nyamizi Kapaya. Kauli ile ilikuwa utani wa msibani."

Vivuna-unyevu vilitengenezwa, vikarudishwa shuleni wiki ile ile. Kura zilipohesabiwa, Maganga alishindwa kwa kura chache.

Jumamosi iliyofuata Nyamizi alikwenda Mtaa wa Reli. Alimkuta mama yake uani, akimimina maji aliyooshea vyombo kwenye beseni la kufulia ili yatumike tena. Mama aliitikia shikamoo bila kuinua uso.

"Mama, mashine ilikosea. Nisingeweza kuiacha."

"Mashine ilikosea, ndiyo." Kalunde akaweka ndoo chini. "Unafikiri sisi tulikosea? Video ile tuliiona siku ile ile ya maziko, tukacheka mpaka tukakaa chini. Kile kidude kiliposema Bibi Zamda kachagua, tukatazamana, tukanyamaza. Mtaa mzima, Nyamizi. Na Maganga mwenyewe alijua, si ndiye aliyecheka?"

Siku zote zile Nyamizi aliamini anawafumbua macho watu waliodanganywa.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulikuwa na kiu," alisema mama yake.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Nyamizi zaidi. Alijua kwamba kama video ile ingeletwa mbele yake leo, angebonyeza tena, na alijua pia kwamba hilo halingejaza beseni la mtu yeyote. Akainama, akachukua ndoo mbili kutoka miguuni pa mama yake, akatoka nazo.

Foleni ya kioski ilikuwa imepinda kona. Mazungumzo yalikatika alipokaribia. Jina lake walikuwa wamelisikia wote kutoka ukutani.

"Hamjambo, kina mama. Wa mwisho ni nani?"

Nyamizi akaifuata foleni mpaka mwisho wake, akatua ndoo zake nyuma ya mwanamke aliyempa mgongo, akasubiri zamu.