Printa Ilipotoa Picha ya Msiba Wangu

Nilisimama mbele ya printa, jamani, nikijitazama nimekufa!

Picha yangu kabisa. Ile ya gauni la bluu niliyopiga Pasaka. Pembeni msalaba, chini maandishi: "Marehemu Gwantwa. Pumzika kwa amani."

Sijamaliza hata kusoma, printa ikanguruma tena. Ikatoa nyingine... na nyingine! Sura yangu inachomoza polepole, nywele, macho, mpaka mdomo unaocheka.

Na kompyuta yangu ilikuwa imezimwa!

Ngoja niwaeleze. Nina steshenari hapa Tunduma, barabara ya malori. Mume wangu Aliko ana ofisi ukuta wa pili, anaandaa karatasi za mizigo ya Zambia. Kiprinta chake cha mezani kilikuwa kinamsumbua kila siku. Basi mimi na upendo wangu wa kijinga, siku aliyosafiri nikamwita fundi Twaibu.

"Mama, printa yako kubwa nimeichomeka kwa waya kwenye swichi ya mtandao," akaniambia. "Waya mwingine nimeupeleka kwenye kompyuta ya bosi. Yeye akibonyeza kuchapa, karatasi inatokea hapa kwako."

"Usimwambie. Nataka kumsapraizi."

Haya sasa! Nikasapraiziwa mimi.

Nikamsikia Aliko ng'ambo ya ukuta: "Mbona haitoki hii?"

Akabonyeza tena. Nikatoka tena, nimekufa tena.

Kisha akapiga simu.

"Mama Fides, shikamoo. Mwambie bibi picha ya marehemu naileta leo hukohuko Isansa."

Isansa! Na mimi kila wiki namfungia chakula, eti anafuata kahawa huko...

Nikatia picha moja kwenye pochi, nikafunga duka, nikapanda Noah ya kwenda Isansa. Abiria wanapiga stori, mimi najishika mkono nihakikishe bado una joto.

Kwa kina Fides sikupotea. Kila niliyemuuliza aliijua nyumba yenye harusi.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," bibi akaitikia.

Nikampa picha. Akaitazama, akanitazama. Kigoda kikaanguka.

"Fides! Fides weee! Marehemu kaja!"

Akatoka dada mmoja mpole, kitenge kiunoni. Nilikuja na matusi ya kumtosha yeye na ukoo wake, lakini yote yalinikauka mdomoni.

"Mimi ndiye mke wa Aliko. Sijafa, mdogo wangu."

Bibi akainua kigoda, akakalia. "Alisema ni mgane. Nikamwambia mjukuu wangu haingii kwako mpaka aione sura ya mwenzie aliyetangulia, amwombe ruhusa."

Fides akapiga magoti.

"Dada, mbona ruhusa nimekuomba sana..."

"Umeniomba wapi?"

"Kaburini kwako! Alinionyesha, kule makaburi ya Tunduma. Nikija mjini huwa napita kukupalilia."

Nikamwambia anipeleke.

Tulifika jua bado liko juu. Kaburi safi, maua yake hayajanyauka. Msalaba mpya, na jina langu limeandikwa vizuri kwa rangi nyeupe.

Lakini pale mahali napajua. Pale nililia mpaka sauti ikakauka.

Nikapekua nyasi za pembeni. Msalaba wa zamani ulikuwa umetupwa humo, kifudifudi. Nikaugeuza.

Jina la mama mkwe wangu!

Aliko aling'oa msalaba wa mama yake mzazi ili apate pa kunizika mimi!

Fides alilia kuliko mimi. Tukausimika ule wa mama, tukaushindilia udongo kwa mikono yetu. Wangu nikauvunja kwa goti.

Simu ikaita. Aliko.

"Mke wangu, duka umefunga, uko wapi?"

"Niko hapa uliponizika. Mama yako yuko na mimi."

Akakata simu. Mpaka leo hajarudi hata kuchukua nguo zake.

Dada zangu, mwanaume akikuaga safari ileile kila wiki, siku moja mwambie twende wote. Mimi sikuwahi kumwambia, na huku mwenzangu alikuwa ananipalilia kaburi.