Barabara Imekatika

"Simama wima, mdogo wangu. Ukiendelea kucheka hivyo nitakuchoma pini."

Bibi harusi alibana kicheko, akanyoosha mgongo. Gauni lilimkaa kama alizaliwa nalo. Shangazi yake, mwanamke mpana mwenye sauti isiyohitaji kipaza, alimzunguka akimkagua juu mpaka chini.

"Fundi, mkono wako ubarikiwe! Nani alikuelekeza kwetu?"

"Bwana harusi mwenyewe, shangazi."

"Huyo kijana anajua kuchagua."

"Anajua sana," fundi alijibu, akachomeka pini nyingine.

Dirisha lilikuwa wazi. Mvua za msimu zilikuwa zinamalizikia, na milima iliyouzunguka mji mkuu ilikuwa imeoga, imetakata. Barabara ilipanda mlimani nyeupe kama uzi. Asubuhi hiyo fundi alishuka nayo kwa basi, macho dirishani, akikagua kila kona. Hakuona palipokatika. Hata jiwe la kuzuia baiskeli hakuliona.

Maana msimu mzima mumewe, fundi umeme aliyefanya kazi mjini hapo na ambaye wenzake walimwita Waya, alikuwa akimwimbia kwa simu wimbo mmoja: "Mke wangu, mlima umeporomoka, barabara imekatika. Nivumilie." Akavumilia. Akalala na baridi yake, akaziba mwenyewe bati linalovuja.

Kisha ikaja meseji: "Kuna mwenzangu kazini anaoa mvua zikiisha. Mshonee suti, na mchumba wake gauni. Vipimo vya gauni nakutumia. Mwenzangu mwili wake kama wangu, kata kwa vipimo vyangu."

Alikata kwa moyo mkunjufu. Hakuna mwanamume anayependa kupendeza kama Waya, na Waya hakuwahi kuvaa suti ya fundi mwingine. Hapo ndipo alipojikwaa. Siku mbili baadaye akaongeza: "Usisahau bega la kushoto. Weka sponji."

Fundi akasimamisha cherehani. Bega la kushoto la Waya lilishuka tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi, na kila koti lake lazima liwekwe sponji pale ili mabega yalingane. Sawa, wanaume wawili wanaweza kulingana kiuno. Lakini wote wawili wameanguka ngazini, bega lile lile?

Hakuuliza. Alijibu, "Sawa, mume wangu."

Waya alimpa namba ya bibi harusi ili mzigo ukifika kwa basi huyo binti aupokee. Barabara iliyomkatikia mume, kwa mzigo ilikuwa wazi. Fundi akampigia.

"Mimi ndiye fundi. Gauni la harusi haliletwi na kondakta. Nakuja mwenyewe nikurekebishie mwilini."

"Jamani, dada! Karibu sana! Tena tusimwambie mchumba wangu. Tumshtue."

"Hilo niachie mimi."

Basi, wakiwa bado kwenye pini za gauni, mlango ukagongwa. Waya akaingia kufuata suti yake, simu mkononi, tabasamu limejaa uso.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba, mkwe. Njoo uone fundi wako!"

Tabasamu likamkauka mdomoni.

"Karibu, bwana harusi," fundi alisema taratibu. "Vaa suti tukuone."

"Mimi... nitavaa kesho, harusini."

"Kesho ikikubana utanilaumu nani?" shangazi alifoka. "Hebu ingia chumbani uvae!"

Waya alimkazia mke wake macho ya kuomba. Fundi akamkabidhi suti. Afanye nini? Akaivaa. Alipotoka, kusema kweli, alipendeza. Shangazi akapiga vigelegele.

"Fundi, hukuwahi kumwona, umempimaje hivi?"

"Shangazi, huyu simpimi. Mkono wake wa kulia umeuzidi wa kushoto kidogo. Shingo yake haipendi kola ngumu. Na bega hili aliliumiza alipoanguka ngazini. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto mpaka akaweza kuvaa shati mwenyewe."

Bibi harusi akamgeukia fundi, pini zikimchoma.

"Dada," bibi harusi aliuliza, sauti imepungua, "unamjuaje?"

"Mimi ni mke wake, mdogo wangu."

"Mwongo!" Waya aliruka. "Huyu ni fundi tu! Ana wazimu, msimsikilize!"

Fundi hakubishana. Alitoa simu, akabonyeza. Sauti ya Waya ikajaa chumbani, tamu kama asali: "Mke wangu kipenzi, nilale vipi bila wewe? Barabara bado imekatika. Nivumilie."

"Barabara ipi?" shangazi aliuliza. "Mbona mimi juzi nimepita?"

Bibi harusi alimsogelea Waya.

"Na mimi uliniambia wazazi wako hawaji kesho kwa sababu barabara imekatika."

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Kumbe mlima mmoja umetuporomokea wote wawili."

Fundi akashika ncha ya uzi mweupe chini ya kola ya koti, akaiweka kwenye vidole vya bibi harusi.

"Suti hii nimeipiga bandi tu. Uzi wa kushikiza, ule tunaotoa cherehani ikishapita. Cherehani haikupita. Vuta."

"Usivute!" Waya alipiga kelele.

Akavuta. Mkono wa kushoto wa koti ukateleza na kuanguka, sponji ya njano ikadondoka sakafuni. Akavuta tena, mgongo ukaachia katikati kama ganda la ndizi.

"Suruali nayo?" shangazi aliuliza.

"Nayo, shangazi."

Waya aliishika kwa mikono yote miwili, akatoka mlangoni akitembea kama mtu aliyebanwa na haja. Shangazi akamrushia sponji kisogoni.

"Chukua bega lako, mkwe!"

Bibi harusi alikuwa analia. Alianza kufungua vifungo vya gauni, fundi akamshika mkono.

"Hili haliachii. Nimelipitisha cherehani mara mbili. Nilitaka kukuchukia, nikashindwa tangu uliponiita dada kwenye simu. Livae siku unayoitaka."

Jua lilikuwa kali stendi. Fundi alikaa dirishani ndani ya basi, milima ikimetameta pande zote. Simu ikalia. Ujumbe wa Waya:

"Mke wangu nisamehe. Shetani alinipitia. Kwao wamenifukuza, kazini wananicheka. Nakuja nyumbani leo leo."

Alitazama barabara. Ilikuwa kavu, nyeupe, wazi mpaka kileleni, magari yakipanda na kushuka bila shida. Akaandika:

"Usije. Barabara imekatika."