Mama wa Shaba wa Vennarkudi

Elimringi Nanyaro aliruka fungu la vitunguu bila kugusa hata kimoja.

Mbele yake mtu mwembamba, shuka jeupe kiunoni, alikuwa akikimbia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Sanduku la bati lilimgonga paja kila hatua. Soko la Kaloleni likapasuka katikati. Wanawake wakavuta vikapu. Mtu akapiga ukelele, "Mwizi!"

Hakuwa mwizi. Kwa amri aliyopewa Elimringi asubuhi ile, alikuwa mbaya kuliko mwizi.

Amri ilikuja kwa simu. Aliyeitoa ni Bwana Harker, Mwingereza aliyeendesha ofisi isiyo na kibao mlangoni, nyuma ya boma la Arusha.

"Pofu?"

"Pofu hapa."

"Kuna mgeni kutoka Madras. Anajifanya anaonyesha watu picha za mahekalu. Ni mjumbe wa Wakomunisti, amekuja kuwachochea Wameru juu ya ardhi. Mkamate kabla treni ya Tanga haijaondoka."

"Akikataa?"

"Una Webley au huna?"

"Nani kaleta habari?"

"Swala."

Simu ikakatwa.

Swala alikuwa Solomoni Kisioki, Mwarusha, mwenzake wa kazi. Elimringi hakuuliza zaidi. Vitani Burma, katika bonde la Kabaw, Solomoni alimbeba mgongoni kutwa nzima, kipande cha bomu kikiwa kimemkaa Elimringi nyongani. Sasa ulikuwa mwaka 1950, na katika miaka yote hiyo Elimringi hakuwahi kumtilia shaka mtu huyo. Neno la Solomoni kwake lilikuwa kama neno la mdomo wake mwenyewe.

Mtu wa shuka jeupe alikata kona kuelekea Daraja Mbili. Akateleza kwenye tope la ukingoni. Akashuka kwa makalio mpaka kwenye mawe ya mto, sanduku kifuani.

Elimringi alishuka nyuma yake, bastola yake ya Webley mkononi.

"Simama! Mikono juu!"

Mtu yule alisimama. Hakuinua mikono, maana ilikuwa imekumbatia sanduku. Aligeuka polepole, akihema, miwani imekaa upande.

Bastola ya Elimringi ikashuka yenyewe.

"Mzee Natesan?"

"Piga, Sajini," mzee alisema, kwa kile Kiswahili cha kambini alichofundishwa na askari. "Mama yetu umechukua. Mimi nabaki kwa kazi gani?"

Elimringi hakuelewa. Lakini uso ule aliuelewa. Kuna uso wa mtu mwenye hofu na kuna uso wa mtu aliyesalitiwa, na ule ulikuwa wa pili.

Alikuwa amemjua Natesan kule India ya kusini, baada ya Burma. Jeshi liliwapeleka yeye na Solomoni kambi ya majeruhi nje ya Trichinopoly, wakae mpaka wapone. Natesan alikuwa mwongoza wasafiri. Alizoea kuwatembeza Waingereza. Siku moja alisimama kwenye lango la kambi, akasema angependa kuwatembeza Waafrika pia, bila malipo, kwa sababu hakuna aliyewauliza kama wanataka kuona nchi waliyoletwa kuilinda.

Akawapakia treni, daraja la tatu. Akawaonyesha Tanjore, mnara wa mawe unaopanda mpaka shingo inauma, na mbele yake ng'ombe dume wa jiwe amelala, mkubwa kama nyumba. Akawapandisha ngazi za mwamba wa Trichinopoly, ngazi zilizochongwa ndani ya mwamba wenyewe, mpaka wakauona mto Kaveri chini umenyooka kama mkanda. Akawapeleka Madura, kwenye malango yaliyojaa sanamu za rangi tangu chini hadi juu, hapakubaki mahali pa kuweka kiganja. Akawafikisha Rameswaram, pwani kabisa, ambako nguzo za ukumbi zilikwenda mbali hata mtu wa upande wa pili akaonekana kama sisimizi.

"Vueni viatu," aliwaambia kila mahali. "Jiwe linataka kuwajua."

Elimringi, Mmeru na Mlutheri wa Nkoaranga, mtoto wa mwinjilisti, alivua. Hakuomba pale. Lakini alinyamaza vizuri, na Natesan aliona.

Ndiyo maana mwishoni aliwapeleka kwao. Vennarkudi, kijiji kidogo katikati ya mashamba ya mpunga, hekalu dogo ambalo hakuna msafiri aliyewahi kulitembelea. Makuhani walifungua chumba cha nyuma. Alikuwamo Mama. Mungu wa kike wa shaba, kimo cha mtoto anayejifunza kutembea, nyonga imeinama kidogo kama anayetaka kugeuka akuangalie.

"Huyu hatuonyeshi wageni," Natesan alisema siku ile. "Ninyi si wageni."

Na sasa, chini ya Daraja Mbili, maji yakiwapita miguuni, mzee aliyasema mengine.

Mama aliibwa mwaka ule ule vita vilipokwisha. Mlango wa chumba haukuvunjwa; aliyeingia alijua ufunguo unakaa wapi. Watu wa kijiji walimwangalia Natesan tu, bila kusema. Yeye ndiye aliyeleta macho ya nje. Miaka yote hiyo aliuliza bandarini, akauliza kwa wauza shaba, mpaka akasikia kwamba mzigo ulisafiri ndani ya kreti ya jeshi kwenda Afrika Mashariki. Akafunga sandukuni picha zake za kioo, za kumulikwa ukutani kwa taa, akapanda meli, akazunguka Mombasa, Tanga, Moshi, akiwaonyesha Wahindi picha za mahekalu ya kwao. Kila mji aliwaulizia askari wawili.

"Juzi nikampata Solomoni," alisema. "Akanikumbatia. Akalia, Sajini! Akanipa chakula. Akasema wewe ndiye mwizi, sasa wewe polisi, utaniua."

"Na ukamwamini?"

"Kidogo. Halafu akasema, usihuzunike mzee, hata kidole chake kilichovunjika kitaungwa." Natesan akafungua fundo la kitambaa shingoni. Ndani kulikuwa na kipande cha shaba, chembamba, kimepinda. "Kidole hiki kilibaki sakafuni. Mimi niliokota. Sijaambia mtu. Solomoni amejuaje? Nikafahamu, amemshika Mama. Nikasema basi, wote wawili wameshirikiana."

Elimringi alikaa juu ya jiwe.

Alitaka kuudhika na mzee. Alitaka kumwambia ni mwongo, ni Mkomunisti, ni chochote. Lakini kila alipotafuta jambo la kumtetea Solomoni alikuta tundu. Kreti za jeshi zilikuwa mikononi mwa nani? Solomoni, aliyekuwa karani wa stoo ya kambi. Nani alibaki India miezi mingine wakati Elimringi anarudishwa nyumbani? Solomoni. Na nani leo asubuhi aliyemtuma amfyatulie risasi mtu wa pekee anayejua?

Akainuka, akairudisha bastola kiunoni.

"Twende kwenye gari," alisema.

Land Rover ilikuwa imeachwa karibu na soko. Ndani yake kulikuwa na redio ya Pye. Elimringi akabonyeza, akaita ofisini.

"Kilima, Pofu anaita."

"Sema, Pofu."

"Mgeni amepatikana."

"Safi. Mlete."

"Gari lina hitilafu, nitachelewa. Swala yuko wapi?"

"Kikatiti. Anamsindikiza rafiki yangu Lindqvist kwenye ndege yake. Kwa nini?"

"Nilitaka kumpongeza."

Akazima.

Akakanyaga mafuta. Barabara ya Moshi ilikuwa vumbi jekundu na makorongo. Tengeru ikapita. Mto Usa ukapita. Kushoto, mlima Meru ulikuwa umetoa kichwa juu ya mawingu, migomba ya watu wake imeushika miguu. Natesan alishika sanduku lake la picha magotini.

"Sajini. Wewe hujui kabisa?"

"Sikujua, mzee."

"Basi wewe umeibiwa kuliko mimi."

Kikatiti. Elimringi aliacha barabara, akaingia shamba la mkonge. Mwisho wa shamba, pale barabara ilipopinda na kulipita tena, kulikuwa na uwanja wa majani ambako walowezi wa Kizungu walitua na ndege zao ndogo.

Ndege aina ya Auster, ya rangi ya fedha, ilikuwa tayari. Pangaboi linazunguka.

Chini ya bawa lake walisimama watu wawili. Mmoja Mzungu, kofia ya majani, miwani myeusi: Lindqvist, mnunuzi wa Nairobi ambaye vitu vya kale vya watu vilipotelea mikononi mwake. Wa pili Solomoni. Katikati yao, gunia la kahawa limefunguliwa mdomo, na ndani yake kichwa cha shaba kilichovaa taji.

Elimringi alisimamisha gari kwenye majani marefu. Akatoa Minox mfukoni, kamera ndogo kama kiberiti. Akapiga picha ya Mzungu, ya gunia, na ya namba za ubavuni mwa ndege. Akapiga na ya Solomoni. Kidole kilisita pale, kisha kikabonyeza.

Kisha akawasha gari na kulipeleka moja kwa moja mbele ya ndege.

Rubani alizima injini kwa hofu. Elimringi akashuka.

"Ero, Elimringi," Solomoni aliita, kwa mwito wa kwao Waarusha. Alikuwa ameshika bunduki ya Sten, mdomo wa bunduki ukiangalia chini. "Umepotea njia."

"Mgeni wa Madras nimempata."

"Umempiga?"

"Yuko garini. Anakusalimu."

Uso wa Solomoni haukubadilika. Hilo ndilo lililomtisha Elimringi. Alikuwa ametegemea walau aibu.

"Sikiliza, ndugu yangu," Solomoni alisema. "Tulipigana vita yao. Tulipotoka walituambia nini? Asante. Kaptura mbili na medali. Wenzetu weupe wakapewa mashamba, hapa hapa, juu ya mlima wenu. Kesho wanakuja kuchukua ardhi yenu ya Engare Nanyuki. Unadhani yule Harker wako atakutetea? Mimi nilijichukulia pensheni yangu."

"Kwa mzee aliyetulisha?"

"Ni shaba tu."

"Ungeniambia mimi."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Lakini usingenituma nimuue." Sauti ya Elimringi ilikwaruza. "Ulitaka mkono uwe wangu, Solomoni. Usiku nisilale mimi, wewe ulale. Hilo ulilifikiria lini? Ukila nyumbani kwangu? Mke wangu Hanna akikupakulia?"

Solomoni alitazama pembeni kidogo, kwenye mkonge.

"Toa gari," alisema.

"Hapana."

"Elimringi, toa gari."

"Ulinibeba kutwa nzima kule Kabaw. Huwezi kunipiga."

Solomoni alipiga.

Risasi zilirarua bega la kushoto la koti na nyama iliyokuwa chini yake. Elimringi alianguka kwa goti. Maumivu ya bega yalichelewa. Yale mengine yalifika kwanza. Mpaka sekunde ile, pamoja na yote aliyoyajua, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa bado inamtetea.

Webley ililia mara moja.

Solomoni akaanguka, paja limetoboka. Sten ikaruka kwenye majani. Lindqvist alianza kukimbilia mlango wa ndege.

"Wewe!" Elimringi alimlenga. "Kaa chini."

Akakaa, miwani ikamdondoka. Rubani naye akashuka mikono juu, akakaa kando yake.

Natesan alishuka garini. Hakumwangalia Mzungu, hakumwangalia Solomoni. Alivua viatu. Akatembea peku kwenye majani mpaka kwenye gunia, akapiga magoti, akalitelemsha taratibu. Mama akatoka, vumbi la kahawa usoni. Mzee akatoa kile kidole cha shaba na kukiweka kwenye mkono uliovunjika. Kilikaa sawasawa. Ndipo akalia, kwa lugha yake.

Elimringi alirarua shati na kumfunga Solomoni paja, kwa mkono mmoja na meno. Alifunga vizuri, kama walivyofundishwa wote wawili.

"Utasema nini ofisini?" Solomoni aliuliza, jasho limemjaa.

Elimringi aliinuka. Alikwenda kwenye redio.

"Kilima, Pofu anaita. Swala amejeruhiwa, yuko chini ya ulinzi. Lindqvist ninaye, pamoja na mali ya wizi."

Redio ilikoroma, kisha sauti ya Harker ikarudi.

"Pofu, sikiliza kwa makini. Lindqvist ni rafiki wa serikali. Mwache apande ndege yake. Jina lake halikuwapo. Swala tutamshughulikia. Na huyo Mhindi mlete kwa pingu."

"Na sanamu?"

"Lete kwangu. Itakwenda London, mahali salama."

Elimringi alifumba macho. Kwa hiyo ilikuwa hivi. Upande mmoja ndugu yake, upande mwingine bwana wake, na wote wawili wamekuwa wakimtumia kama panga, wanalinoa asubuhi na kulitupa uani jioni.

"Ulijua, Bwana Harker?"

"Hilo ni swali la juu ya cheo chako."

"Nimekuelewa," alisema Elimringi.

Alitoa funguo za ndege, akazitupa katikati ya mkonge. Alitoa filamu kwenye Minox, akampa Natesan.

"Picha hizi zipelekwe kwa magazeti ya Bombay. Nchi yenu sasa ni yenu. Wao wawaulize Waingereza huyu Lindqvist ni rafiki wa nani."

Barabarani lilikuwa likipita lori la ndizi la Ephraimu, binamu yake, likienda Moshi. Elimringi alilisimamisha. Ephraimu alitazama damu, akatazama shaba.

"Hii nini tena, kaka?"

"Ni mama wa watu, anarudi kwao. Mfunike na majani. Mfikishe na huyu mzee mpaka kwenye treni ya Tanga, usimwache kabla haijaondoka."

"Na wewe?"

"Endesha, Ephraimu."

Walimlaza Mama kati ya mikungu, taratibu, kama mgonjwa. Natesan alimshika Elimringi mkono mzima kwa mikono yake miwili.

"Sajini. Nilikuita mwizi."

"Ulikuwa na haki, mzee. Mwizi alikuwa akilala kitanda cha pili kambini."

Lori likaondoka. Vumbi likalifunika.

Redioni Harker alikuwa anaita. "Pofu, jibu. Pofu! Mzigo uko wapi?"

Elimringi aliinua kipokeo.

"Mwenyewe kauchukua. Njoo na daktari, Swala anavuja damu. Na usiniite tena Pofu. Nimeanza kuona."

Aliweka Webley juu ya kiti cha Land Rover, na kitambulisho kando yake. Nyuma yake Solomoni aliita jina lake mara moja, kwa nguvu, kisha mara ya pili kwa sauti ndogo.

Elimringi aliweka koti juu ya bega zima. Akavuka barabara, akashika njia ya miguu inayopanda mlimani kati ya migomba, bila haraka, bila kugeuka.